Pikapu ya Umeme Iliyomrudisha Mama Kimwani

Mdogo wangu wa kike alishuka melini Bukoba asubuhi ya Jumamosi akiendesha pikapu ya umeme, na hata kabla hajafika kwenye geti la bandari watu walikuwa wameshaanza kubishana. Mimi nilikuwa nje ya geti, nimeegemea pikapu yangu ya dizeli, nikamwona anakuja polepole bila sauti yoyote. Mpakiaji mmoja wa mizigo alidhani gari limezimika. Akatua gunia lake, akakimbilia nyuma, akaanza kusukuma.

Mdogo wangu akashusha kioo. "Asante kaka, linatembea lenyewe."

Yule bwana aliondoa mikono haraka kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Kisha akalizunguka gari, akaliangalia mbele, akatikisa kichwa. Lilikuwa na rangi ya jivu la kuni, uso mpana usio na tundu hata moja, na mstari mmoja wa taa uliotoka pembe hii mpaka pembe ile.

"Halina pua," akasema. "Linapumulia wapi?"

Swali hilo nililisikia tena na tena kwa wiki nzima.

Mdogo wangu anaishi Dar es Salaam, kazi yake ni kufunga mitambo ya umeme wa jua. Gari lile alilinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Alikuwa ameshatuma picha zake kwenye simu za ukoo mzima, na kila aliyeziona alikuwa na neno la kusema. Mke wangu alisema linafanana na friji lililolazwa ubavu. Mimi nilisema ni zuri, kwa sauti ile ambayo mtu hutumia anaposifu nywele mpya za mkwewe.

Lakini hakulileta Bukoba kutuonyesha. Alilileta kwa ajili ya mama.

Mwaka uliotangulia mama alikuwa ameteleza kwenye kibanja chake Kimwani, kule kusini mwa Muleba, akipunguza majani makavu ya migomba. Akavunjika nyonga. Nilimbeba mimi, nyuma ya pikapu yangu, juu ya godoro, shemeji yangu akiwa amemshika kichwa. Baada ya upasuaji alikaa kwetu Rwamishenye, mjini Bukoba, miezi mingi, akijifunza kutembea upya kwa fremu ya chuma. Alikula vizuri, alisali vizuri, na kila jioni aliniuliza migomba yake inaendeleaje, kana kwamba mimi naiona kutoka dirishani. Daktari aliposema sasa anaweza kurudi kwake, alifurahi mpaka akaimba. Kisha akaniita.

"Mwanangu, nakupenda," akasema. "Lakini gari lako silipandi tena. Mashimo yote ya barabara ile nayajua kwa nyonga yangu."

"Mama, nitaendesha polepole."

"Hata siku ile uliendesha polepole."

Hilo lilikuwa kweli. Pikapu yangu imetengenezwa kwa ajili ya mikungu ya ndizi, na mikungu hailalamiki. Mimi ni mwalimu, lakini mwishoni mwa wiki nakusanya ndizi vijijini na kuzileta mjini, na kwa kazi hiyo sijaona gari linalolishinda langu. Kwa kumbeba mama mwenye chuma kwenye nyonga, ni adhabu. Nilipomweleza mdogo wangu kwenye simu, alisema, "Kaka, mimi nitakuja kumchukua." Basi ndiyo sababu nilikuwa bandarini asubuhi ile.

Kabla ya safari tulikuwa na siku chache mjini, na siku hizo zilikuwa za maoni. Nilimpeleka kwa fundi wangu, mtaa wa Hamugembe. Sitaficha kwamba nilitaka fundi amwambie kuwa lile gari ni upuuzi. Fundi alifuta mikono, akafungua boneti, akainama. Akainuka, akanitazama.

"Mwalimu, injini imebaki Mwanza?"

Chini ya boneti hapakuwa na injini. Palikuwa na sanduku safi lililotandikwa zulia, na ndani yake sato watatu waliofungwa kwenye mfuko wa nailoni, ambao mdogo wangu aliwanunua Mwanza kabla ya kupanda meli. Vijiweni wakasikia. Kufumba na kufumbua madereva wa bodaboda walikuwa wametuzunguka, kila mmoja anataka kuona gari lenye samaki mahali pa injini.

Fundi akalala chini, akaingia uvunguni, akatoka. Shati lake lilikuwa safi, jambo ambalo halikumfurahisha.

"Halivuji oili," akasema.

"Halina oili ya injini," mdogo wangu akamjibu. "Betri yote iko chini ya sakafu."

"Na likiharibika?"

"Kuna namba ya kupiga. Wako Dar."

"Dar," akarudia fundi, kama mtu aliyeambiwa mbinguni. Akafunga boneti kwa uangalifu. "Dada, gari ni zuri. Lakini mimi na hilo hatutafahamiana."

Mimi kesi yangu ilikuwa nyingine kabisa. Mimi pikapu naipima kwa bodi ya nyuma. Mengine yote ni mapambo. Bodi ya lile gari ilikuwa fupi kwa sababu kibanda cha mbele kilikuwa kirefu, chenye milango minne na viti vya kukaa familia. Kingo zake zilipanda juu mpaka karibu na kifua changu, hivyo mkungu ukishalala chini huwezi kuuchukua ukiwa umesimama pembeni, lazima upande. Halikuwa na mabomba ya kufungia kamba. Lilikuwa na vijishikizo vinne vidogo vilivyojificha pembeni. Juu yake palikuwa na kifuniko kilichojivuta chenyewe kwa kubonyeza, na nilipokibonyeza kikaenda nusu kikasimama, kwa sababu kilihisi mkono wangu.

"Hili limechorwa na mtu ambaye hajawahi kubeba ndizi," nikasema.

"Na lako limechorwa na mtu ambaye hajawahi kubeba binadamu," akasema mdogo wangu.

Tulikuwa tunataniana, lakini si sana.

Kasoro moja ilitupata hapohapo Hamugembe. Bibi mmoja alikuwa anatembea katikati ya njia, mkungu kichwani, na sisi tuko nyuma yake. Kwa mwendo ule gari hutoa mvumo mwembamba, kama kwaya inayotafuta sauti, lakini bibi hakuusikia. Mdogo wangu aliona haya kumpigia honi mtu mzima. Tukamfuata hivyo, polepole, mpaka alipogeuka.

"Mawe!" akapiga kelele, akimwita mama yake kwa Kihaya, na mkungu ukayumba. Kisha akatusema kwa lugha hiyohiyo, maneno mengi, nikashika hili: gari gani linalonyemelea watu kama paka? Mdogo wangu akashuka, akapiga magoti kumsalimia, akaomba radhi. Bibi akapoa. Akatutazama, akalitazama gari, akauliza tunaelekea wapi. Tukampeleka mpaka kwake, mkungu ukiwa nyuma, yeye mbele, anapapasa kioo kile kikubwa kilicho katikati ya dashibodi, mpaka redio ikawaka kwa sauti ya juu na hakuna aliyejua kuizima. Hakukuwa na kitufe. Kila kitu kilikuwa ndani ya kile kioo, na barabara ile ilikuwa na mashimo, kwa hiyo kila mdogo wangu alipolenga redio kidole kiliangukia kwenye kiyoyozi.

Mama alilikagua gari siku iliyofuata, baada ya Misa. Alitoka uwanjani na fremu yake, akasimama mbele ya mlango, akatafuta pa kushika.

"Mlango hauna mkono?"

"Unajitokeza wenyewe, mama," akasema mdogo wangu, na mkono ukachomoza kutoka kwenye bati. Mama akarudi nyuma hatua moja.

"Bojo, tafadhali, urudishe ndani."

Kisha akaona viti. Vilikuwa vyeupe. Kwetu udongo ni mwekundu, na mvua ikinyesha huwa mwekundu zaidi. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. "Huyu aliyeweka viti vyeupe, anafuliwa nguo na nani?" Mke wangu akaenda ndani, akarudi na khanga mbili, akavitandika.

Palibaki tatizo la kimo. Sakafu ya gari ilikuwa juu, na mama hawezi kupandisha mguu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria stuli. Mdogo wangu akabonyeza mahali, na gari zima likashuka taratibu, likapumua, likatulia karibu na ardhi. Mama akalitazama.

"Limepiga goti," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi hili ni Katoliki."

Mke wangu, ambaye kwao ni Walutheri, akasema Walutheri nao hupiga magoti. Mama akamjibu kwamba anajua, lakini si kwa wepesi hivyo. Akaingia ndani kwa kuketi tu, kama anayeketi kwenye kiti cha sebuleni, akavuta miguu, akakunja mikono. Nikaona uso wake. Nilikuwa na sentensi nzuri kuhusu bei ya betri, nikaimeza.

Siku ya safari, Jumamosi iliyofuata, tulitaka kuondoka gari likiwa limejaa umeme, lakini umeme Rwamishenye ulikatika jioni na haukurudi mpaka alfajiri. Kioo kikaonyesha robo tatu. Mdogo wangu akapiga hesabu kichwani, akasema inatosha kwenda, na kurudi kutategemea. Mama na mke wangu wakapanda naye. Mimi nikafuata nyuma na kitanda, godoro, masufuria, kuku waliofungwa miguu, na magunia mawili ya vitu ambavyo mama alisema havina uzito. Gunia jingine likaingia kwenye bodi ya lile gari jipya, chini ya kifuniko chake.

Kulipokucha vizuri tulikuwa Kemondo, ziwa limetulia upande wa kushoto, nikilifukuza gari ambalo lilionekana linateleza tu. Kwenye mashimo niliyoyajua, nililiona likishuka na kupanda kama mtumbwi. Langu lilikuwa linahesabu kila jiwe. Kisha tukaanza kupanda milima ya Muhutwe, na mshale wa joto kwenye dashibodi yangu ukaanza kupanda pamoja nasi. Karibu na kilele mvuke ukatoka kwenye rejeta. Nikaegesha kando, nikasubiri, na kuku wakanisema.

Punde nikaona gari la rangi ya jivu linarudi nyuma kinyumenyume, bila sauti. Dirisha la nyuma likashuka.

"Mwanangu," akasema mama, "umechoka?"

Mdogo wangu akashuka na madumu mawili ya maji. Alinipa dumu la kwanza, akashika la pili, akasubiri niombe, na midomo yake ilikuwa inapigana na kicheko. Ni yeye aliyecheka kwanza, kisha mimi, na mama huko ndani akauliza kuna nini. Kwenye mteremko uliofuata alinipigia simu, sauti kwenye spika, kuniambia kwamba gari lake linajijaza umeme linaposhuka mlima. "Na lako, kaka, linajijaza nini?" Nikakata simu kwa sababu sheria hairuhusu kuongea ukiendesha.

Lakini njia haikuwa imeisha. Tulipoacha lami kuingia Kimwani, tukakuta mvua ilinyesha usiku. Kuna bonde dogo kabla ya kufika nyumbani, lenye mashamba ya mpunga huku na huku, na katikati yake tope lilikuwa limelala kama uji. Gari la mdogo wangu likaingia, likayumba kiuno, likazama. Lile gari ni zito. Betri ile iliyo chini ya sakafu ina uzito wa ng'ombe kadhaa. Matairi yake, ambayo yalikuwa mazuri sana kwenye lami, yakazunguka na kujipaka tope mpaka yakawa laini kama sabuni.

Mimi nikapita pembeni, juu ya majani, nikaenda kusimama mbele yao pakavu. Nikashuka na kamba. Sitasema nilikuwa na huzuni.

"Nifunge wapi?" nikauliza.

Hapo ndipo tulipojua kwamba hapakuwa na mahali pa kufunga. Mbele yote ilikuwa laini kama yai. Mdogo wangu akasoma kitabu cha gari ndani ya kile kioo, akaona kwamba kuna kifuniko kidogo kwenye bampa, ukikibandua utakuta tundu, na kwenye tundu unakaza ndoano. Ndoano iko kwenye kisanduku. Kisanduku kiko chini ya sakafu ya bodi. Juu ya sakafu ya bodi kulikuwa na gunia la mama. Tukalishusha gunia kwenye tope. Lilikuwa na mawe matatu ya kupikia, ambayo mama aliyapenda pale kwetu na hakuona sababu ya kuyaacha.

"Mama, shuka kidogo tupunguze uzito," nikamwambia.

"Nimekaa vizuri," akasema. "Vuteni tu."

Tukavuta. Pikapu yangu ikanguruma, ikatoa moshi mweusi ulioruka mpaka kwenye mpunga, kamba ikakaza, na gari lile kubwa likatoka kwenye tope kama jino. Wanawake waliokuwa wanapalilia karibu wakapiga vigelegele. Nikajifanya sijasikia. Mama alipofika pakavu akaomba kioo kishushwe, akayatazama magari yote mawili, moja linafuka moshi, jingine limepakwa tope mpaka kwenye taa.

"Hili lina adabu, lile lina nguvu," akasema. "Yangeoana haya, tungepata gari."

Wakati tunasubiri rejeta ipoe, mke wangu alinivuta pembeni. Aliniambia kwamba tangu Muleba mjini mama alikuwa amelala. Amelala kabisa, kichwa begani kwake, mdomo wazi. Mke wangu alikuwa anamwogopea yale mashimo, anamshika mkono kila anapoliona moja linakuja, na mama hakuamka hata mara moja. Aliniambia hivyo halafu akaenda zake kufunga kuku vizuri. Nilibaki nimeshika kamba. Nilikumbuka safari ya kwenda hospitali, mama akiwa juu ya godoro nyuma yangu, jinsi alivyokuwa anaomba Rozari kwa sauti ili asilie. Tangu hapo sikuwa na hamu tena ya kulisema vibaya lile gari, ingawa msimamo wangu kuhusu bodi ulibaki palepale.

Nyumbani tulikuta watu wengi. Shemeji yangu, mjane wa kaka yetu, ambaye nyumba yake inapakana na ya mama, alikuwa amewaita akina mama wa jumuiya kwa ajili ya sala ya shukrani. Ndizi zilikuwa jikoni, rubisi, pombe ya ndizi, ilikuwa kwenye madumu, na katekista alikuwa ameleta kinanda cha kwaya na spika kubwa. Gari lilipopiga goti mbele ya mlango na mama akatoka kwa miguu yake, akashika fremu, akasimama, akina mama waliimba mpaka mbwa wakakimbia.

Mpiga kinanda akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Umeme ulikuwa umekatika.

Katekista akatazama angani, kisha akamtazama shemeji. Jenereta la kigango lilikuwa limeazimwa kwenda kwenye harusi upande wa pili. "Basi tutaimba kwa midomo," akasema, lakini kwa uchungu, kwa sababu alikuwa ameandaa nyimbo zenye kinanda.

"Katekista," mdogo wangu akaita. "Leta waya wako hapa. Kuna soketi kwenye bodi."

Watu wakasogea. Akafungua kile kifuniko, na kweli, pembeni mwa bodi, penye ukingo ule nilioulaani, palikuwa na soketi mbili kama za ukutani. Wakachomeka. Spika ikakohoa, kinanda kikaitika, na sala ikaanza, gari likiwa limesimama hapo katikati ya uwanja halitoi hata mvumo. Katekista aliniambia baadaye kwamba kwa jenereta hulazimika kusoma Injili kwa kupayuka. Safari hii alisoma kwa sauti yake ya kawaida, na watu wa nyuma walimsikia.

Mama alipopewa kipaza sauti alikishika kwa mikono miwili.

"Nilitoka hapa nimelala," akasema. "Nimerudi nimekaa. Na sasa mnaniona nimesimama. Sina maneno mengine, wanangu. Tuleni."

Akarudisha kipaza sauti. Sikuweza kumtazama mdogo wangu, na yeye hakunitazama.

Baada ya chakula ndipo lile gari lilipofanya kazi kweli. Kwanza zilikuja simu za kuchaji. Kisha birika. Kisha jirani akaleta pasi na shati la Jumapili. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa amekatiwa umeme akiwa na mteja nusu kichwa, akaja na mashine yake, mteja, na kiti. Mwenye duka la vyuma akauliza kama linaweza kuchomelea, na mdogo wangu, ambaye hajui kusema hapana anapoulizwa jambo la kitaalamu, akasema tujaribu. Geti la mtu likachomelewa. Kufikia jioni mdogo wangu alikwenda kutazama kioo, akarudi amekunja uso.

"Kaka," akasema, "hapa sifiki hata Muhutwe."

Mimi nilikuwa na vipindi Jumatatu. Baada ya Misa ya Jumapili, mke wangu nami tukarudi Bukoba na dizeli yetu, tukamwacha mdogo wangu akiwa amechomeka gari kwenye soketi ya ukutani, waya umepita dirishani mwa chumba cha mama. Alikuwa amepanga kuondoka na meli ya wiki hiyo. Kwa soketi ile, gari lilikuwa linakunywa umeme kama ng'ombe anayenyweshwa kwa kijiko, na umeme wenyewe ulikuwa unakatika unavyotaka, na ulipokuwepo, luku iliisha.

Alinipigia Jumatatu akiwa na hasira. Jumanne alikuwa na hasira kidogo. Jumatano alinipigia akanieleza kuhusu maharage yaliyo kibanjani na sikusikia neno gari. Nikamuuliza limefika wapi. "Linaendelea," akasema.

Ni shemeji aliyenisimulia, Alhamisi, akicheka mpaka simu ikakatika mara mbili. Alisema kila mdogo wangu anapokwenda kisimani au kwake kunywa chai, mama huinuka kitini, anasogeza fremu yake mpaka ukutani, anachomoa waya. Kabla binti yake hajarudi, anauchomeka tena, anaketi, anaendelea kumenya ndizi. Shemeji alipomshtukia, mama alimwambia kwamba umeme nao unahitaji kupumzika.

"Na mwenyewe hajui?" nikauliza.

"Alijua siku ya pili," akasema shemeji. "Gari linamwambia kwenye simu yake. Yuko hapa kwangu anakunywa chai, simu inalia, anaitazama, anairudisha mfukoni. Ananiomba nimwongezee chai."

Mdogo wangu hakuwa amelala katika nyumba ile tangu tulipomzika kaka yetu. Alikuwa akija, anasalimia, anaacha zawadi nyingi, anakwenda kulala gesti Muleba mjini, anasema ana kikao asubuhi. Sisi sote tulijua, na mama alijua zaidi. Chumba alicholala wiki ile ni kile alichougulia kaka.

Alifika Rwamishenye wiki iliyofuata, mchana, gari limekauka tope, viti vyeupe vimekuwa na rangi ya udongo. Sanduku la mbele lilikuwa limejaa mihogo. Bodi ilikuwa imejaa mikungu, imepangwa wima na majani katikati, kama ninavyopanga mimi, na ilikuwa imeenea vizuri kuliko nilivyotarajia. Tulishusha pamoja. Kila mkungu uliokuwa chini ilibidi apande kuutoa, na kila alipopanda alinitazama, nikanyamaza.

"Bodi ni mbaya," akasema mwenyewe mwishowe. "Na milango. Na ile ndoano. Nitawaandikia."

"Na mengine?"

Akakaa kwenye ukingo wa bodi, miguu inaning'inia, akafuta mikono kwenye suruali. "Mama alinionyesha alipoangukia," akasema. "Tulikwenda taratibu na fremu yake. Halafu tukaenda kaburini kwa kaka. Sikujua kama anaweza kutembea mpaka kule. Alisema na yeye hakujua."

Nilimuuliza kuhusu waya. Alitabasamu, akaruka chini.

"Usimwambie kwamba najua."

Jioni ile alinipa ufunguo, ambao si ufunguo bali ni kadi, nikaliendesha kwa mara ya kwanza. Nilikwenda nalo mpaka ufukweni na kurudi. Linavuta kama linakwenda kufumania, breki zake ni nzuri mno, na ukiwa ndani unasikia mawazo yako mwenyewe, kitu ambacho kwa mwalimu aliyetoka kufundisha kidato cha pili ni anasa. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba sibadilishi langu.

Alipanda meli na gari lake. Mwezi uliofuata alirudi bila gari, akiwa na paneli za jua na mafundi wake, akafunga mitambo juu ya bati la mama, na sasa taa za Kimwani zikizimika, nyumba ile inaonekana kutoka barabarani. Mama anatembea kwa fimbo. Jumapili moja alinipigia simu mwenyewe, bila kupigiwa na shemeji, kuniambia kwamba amekwenda kigangoni kwa miguu yake na kurudi, na kwamba njiani alipumzika kwa kinyozi. Alisema pia kwamba amewaahidi akina mama wa jumuiya kuwa Pasaka binti yake atakuja na lile gari, na kwaya yote itapanda nyuma.

"Umemuuliza mwenyewe?" nikamwambia.

"Nitamuuliza," akasema. "Kwanza wafanye mazoezi."